Chumba cha Sinema Nyumbani: Anza na Masikio, Siyo Inchi

Kuna msanii mmoja mkubwa tu hapa mjini, jina naliweka kapuni. Mwaka jana alirusha video ya chumba chake cha sinema, watu wakachanganyikiwa. Viti vya ngozi vinavyolala kama vya ndege, TV ya inchi 98, taa za zambarau zinazunguka dari, sakafu ya marumaru unajiona mpaka meno. Nilibahatika kukaa ndani ya chumba hicho, tulialikwa washkaji kadhaa kuangalia muvi. Wadau, hatukuelewa mtu anaongea nini. Sauti inagonga marumaru, inagonga kioo cha dirisha, inarudi imechelewa kidogo, maneno yanapandana. Baada ya dakika kumi mwenye nyumba mwenyewe akawasha maandishi ya chini. Mamilioni yote yale, halafu tunasoma muvi kama gazeti.

Simcheki. Namtaja kwa sababu wakati ule na mimi nilikuwa najenga cha kwangu, na kwangu kusikia maneno ndiyo ilikuwa ishu yenyewe.

Mzee wangu ana miaka 71. Tangu mama afariki tunaishi naye Tabata, mimi, mke wangu na mtoto wetu wa miaka tisa. Kwa kama miaka miwili hivi mzee alikuwa anajitoa sebuleni kidogo kidogo. Kwanza alikuwa anapandisha sauti ya TV mpaka jirani anagonga ukuta. Tukishusha, anakaa kimya. Sisi tunacheka, yeye anatuangalia midomo. Mwisho ikawa saa mbili usiku akimaliza kula anasema "haya, nalala", na kila mtu anajua halali. Tulimpeleka hospitali, wakampima. Masikio ya uzee yanaanza kupoteza sauti nyembamba, zile za s, f, t na sh. Sauti nene zinabaki. Ndiyo maana mzee alikuwa anasema kitu ambacho zamani nilidhani ni utani: "Nasikia mnaongea, sisikii mnachosema." Vile vifaa vya kuvaa masikioni hataki hata kuvisikia, na hapo sijafanya utani.

Huyu ni mtu wa sinema kabisa. Ujana wake ulikuwa Drive-In ya Msasani, ile iliyofunguliwa 1966, pale ambapo leo upo ubalozi wa Marekani. Gari hawakuwa nalo, walikuwa wanadandia la mjomba, watu saba ndani. Ukiegesha unachukua spika kwenye nguzo unaitundika dirishani. Anasema aliyekaa karibu na lile dirisha ndiye alikuwa bosi wa gari. Hadithi hiyo nimeisikia mara mia, ila safari hii nikaisikia tofauti: spika ilikuwa sikioni kwake. Hakuna mwangwi, hakuna sebule yenye vigae katikati.

Tuna gereji ambayo haijawahi kuona gari, mita 3.4 kwa 5.2, imejaa mabaki ya ujenzi na baiskeli mbovu. Nikasema hapa hapa. Dada yangu mkubwa akaja juu. Yeye anaishi Mbagala lakini nyumba ni ya mzee na ana haki ya kusema. "Wewe mdogo wangu, chumba hicho tukiweka choo tunapangisha laki moja na nusu kwa mwezi. Dawa za mzee zinatoka wapi?" Hoja ya maana, sikuwa na jibu la kumfunga mdomo. Nilimwambia hela yote itatoka kwangu na hela ya dawa haiguswi. Akanuna. Mzee hatukumwambia lolote, tulimwambia tunasafisha gereji.

Sasa tuongelee kazi, maana hapa ndipo watu wanapigwa.

Fundi wangu wa kwanza alikuja na trei za mayai. Siku ya kwanza kabisa, kabebelea rundo. "Bosi, hizi zinakula sauti." Hazili kitu. Trei ya mayai ni karatasi nyepesi, na kitu chepesi hakizuii sauti kutoka nje. Hata zile sponji nyeusi za studio kazi yake ni kupunguza mwangwi wa sauti nyembamba mle ndani tu, jirani yako ataendelea kukusikia kama kawaida. Kinachozuia sauti ni uzito na kuziba matundu. Ukuta wa tofali za inchi sita uliopigwa plasta pande zote tayari ni mzito, huo niliuacha. Matatizo yalikuwa matatu: lango la gereji, mlango wa pembeni na dari. Lango tuliling'oa tukajenga tofali. Mlango ulikuwa ule wa uwazi katikati, nikaweka wa mbao nzito na mpira kuzunguka fremu yote, na chini pia. Usidharau ule upenyo wa chini ya mlango. Pale hewa inapopita ndipo sauti inapopita.

Dari ndiyo ilikula hela. Juu ni bati, na mnajua masika bati linavyofanya, hata simu huongei. Tulifunga jipsam tabaka mbili, viungo vya tabaka la juu visikutane na vya chini, na juu yake tukalaza ile pamba ngumu ya kuzuia joto na sauti inayouzwa kwa marobota. Mvua bado inasikika, sitawadanganya, lakini imekuwa mvua ya nyumba ya pili. Mmoja ataniuliza kuhusu spika za darini, zile za Dolby Atmos iliyoanza na filamu ya Brave mwaka 2012. Ni tamu kinoma. Ila siwezi kulipia dari tabaka mbili halafu niitoboe mashimo manne.

Baada ya hapo simama katikati ya chumba kitupu upige kofi moja. Ukisikia mlio unaendelea "trrr", hicho ndicho kinachomla mzee wako maneno. Tuliweka zulia nene, pazia zito la mahameli ukuta mmoja, kochi la kitambaa (ngozi inarudisha sauti), na mbao nne zilizojazwa pamba ile ile na kuvishwa kitambaa, mbili kila upande pale sauti ya spika inapodunda kabla ya kufika kwenye kochi. Kuzijua sehemu hizo mke wangu alitembeza kioo ukutani, mimi nimekaa. Nikiiona spika kwenye kioo, anaweka alama. Basi. Usivishe chumba kizima, kitakuwa kama umeingia kabatini.

Halafu spika. Kwenye mfumo wa spika tano na sabufa, maneno mengi ya filamu yanatoka kwenye spika moja, ile ya katikati. Na hiyo ndiyo wabongo tunanunua ya mwisho, kadogo, tunaificha kwenye kabati la TV. Mimi nilianza na hiyo. Nikanunua kubwa kuliko zote, nikaiweka chini ya skrini na kuiinamisha juu kidogo ielekee masikio ya mtu aliyekaa. Kwenye risiva unaweza kuipandisha yenyewe bila kugusa nyingine. Tamthilia zetu nyingi zina sauti ya kulia na kushoto tu, lakini risiva ukiiambia, inachukua yale yaliyo sawa pande zote mbili inayapeleka katikati, na maneno huwa ndiyo yapo hapo. Sabufa niliishusha. Najua mnapenda kifua kitetemeke, lakini sauti nene inafunika zile nyembamba, na mzee nene anazo za kutosha. Tena chumba chenye upana wa mita 3.4 kinajivimbisha chenyewe kwenye mitetemo kama 50 kwa sekunde, hata bila msaada wangu. Kama unajenga kuanzia msingi, usijenge chumba cha mraba, maana urefu na upana vinavimba pamoja, besi inakuwa tope.

Picha sitakaa sana. Projekta ya mtumba, ukuta uliolainishwa na kupakwa nyeupe isiyong'aa, upana mita 2.2, hiyo ni inchi 100, kochi mita 3.4 kutoka skrini. Kuta nyingine na dari kijivu cha mkaa ili mwanga usirudi kwenye picha. Dada alipoona rangi akauliza kama tumefungua kilinge cha mganga. AC tuliiweka mbali na kochi kwa sababu ya mlio, na vifaa vyote vinapita kwenye stabilaiza, umeme wetu mnaujua.

Jumla: jipsam, pamba na ukuta 1,150,000. Mlango 450,000. Risiva na spika, zote za mtumba, 1,300,000. Projekta 900,000. Zulia, pazia na waya 500,000. Milioni nne na laki tatu, kwa miezi saba, mshahara hadi mshahara.

Siku ya kwanza hatukumwekea mzee muvi ya mabomu. Tuliweka vichekesho vya Kibongo. Alikaa katikati ya kochi, mikono magotini, ule uso wa mtu anayesubiri kuchoka. Kukawa na sehemu mama mwenye nyumba anamsema mpangaji kwa sauti ya chini, maneno ya pembeni pembeni. Mzee akacheka. Akacheka kabla ya mjukuu wake! Mtoto akageuka kumwangalia, halafu akaniangalia mimi. Mke wangu akatoka nje akisema anaangalia jiko, na jiko lilikuwa limezimwa.

Baadaye akaniambia, "Punguza kidogo, unapiga kelele."

Masikio hayajapona, tuelewane. Mezani bado unarudia kitu mara tatu, na lile suala la vifaa vya masikioni bado tunalipeleka mdogo mdogo. Lakini saa mbili halali tena. Alhamisi wanakuja wazee wenzake wawili, wanakaa humo mpaka saa nne na tunawapelekea chai. Mmoja ameshaulizia bei ya mlango.

Dada bado anasema laki moja na nusu kwa mwezi. Jumamosi iliyopita alikuja, akaingia "dakika tano tu", akaangalia vipande vitatu mfululizo akiwa ameegemea bega la baba. Alipotoka hakugusia kodi. Jumatatu akanipigia, akaanza upya.