Jiko la Gesi la Kwendea Pwani: Tulichojifunza Michamvi



Kila skuli zinapofungwa, ukoo wetu hubeba mahema na kwenda kulala ufukweni siku mbili. Wanaume huvua, watoto huogelea, na sisi wanawake hupika kwa makuti na vifuu. Macho hutuwa mekundu, mabuibui yananuka moshi, na mara nyingine Alasiri hutukuta bado tunapuliza moto. Bibi yetu ana pumu, kwa hivyo hukaa peke yake mbali na sisi. Mwaka jana tukasema basi, safari hii tunakwenda na gesi.

Tulichanga mawifi watatu. Tukanunua lile jiko dogo la kasha, la kuingiza kopo la gesi ubavuni. Lilitupendeza kwa wepesi wake, na kwa birika la chai lilifanya kazi nzuri. Kosa tulilifanya mchana, tulipoteleka sufuria ya pilau ya watu 14. Ulikuwa mwezi wa nane, upepo wa kusi unavuma, nasi tukalizungushia jiko mawe na turubai pande zote. Sufuria ilikuwa pana kuliko jiko, ikafunika mpaka pale kopo lilipokaa. Joto lote likarudi chini.

Wifi yetu mdogo, mwenye mimba ya miezi saba, aliinama kupunguza moto akashtuka. "Jamani, hapa panaunguza!" Tukazima, tukawatoa watoto mbio, tukasubiri mbali mpaka likapoa. Kopo la gesi likizidi joto hupasuka. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Tulikula boflo na samaki wa kuchoma, na usiku ule hakuna aliyesema mengi. Muuza duka hatukuweza kumlaumu, maana turubai tulilifunga kwa mikono yetu.

Tuliporudi mjini tulianza upya, safari hii kwa kujiuliza maswali kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, mnapikia wangapi? Kopo moja huwa na gramu 220 hivi. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na makopo 27. Kwa mume na mke wanaokwenda kutazama jua likizama, jiko la kopo linatosha, ila sufuria isizidi upana wa jiko. Kwa ukoo, chukueni mtungi na jiko la mioto miwili, lenye miguu mipana isiyozama mchangani.

Pili, gesi yenyewe. Tulisumbuka sana na maneno propani na butani. Tofauti yao huonekana kwenye baridi kali: butani hukataa kuwa mvuke karibu na nyuzi sifuri, propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Kwa joto letu la visiwani, yoyote itawaka.

Tatu, mpira na kiungio. Pakeni povu la sabuni kila mnapofunga. Likitoa mapovu, pana uvujaji, msiwashe. Mtungi usimame wima daima, mbali na moto, na upepo ukingwe upande mmoja tu.

Nne, msipike ndani ya hema hata mvua ikinyesha. Gesi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini, pale pale wanapolala watoto. Na moto ndani ya hema lililofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mtume wetu (S.A.W.) ametukataza kulala na kuacha moto ukiwaka. Sisi huufunga mtungi kabisa kabla ya kulala, na mmoja wetu huenda kuhakikisha kwa mkono wake.

Nawe bi harusi mtarajiwa, shangazi wakikuuliza vyombo gani vimebaki, usione haya kutaja jiko hili. Waombe na mpira mzuri pamoja nalo.

Mwezi wa nane huu tulirudi Michamvi. Pilau iliiva kabla ya Adhuhuri, tukaswali kwa wakati. Bibi alivuta mkeka wake mpaka karibu nasi, akampakata mtoto wa wifi yetu, akatukosoa namna tunavyokaanga vitunguu. Miaka yote ile hatukujua kuwa ana maneno mengi hivyo kuhusu vitunguu.

Allah atuhifadhi sote na familia zetu. Amin.