KISAHANI CHA KUZIMIA SIGARA



Juzi nilipanda matatu hapa Emali nikielekea Wote. Hata hatujafika mbali, dereva akawasha sigara. Nyuma yake mama amempakata mtoto, na mtoto anakohoa. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya mwaka 2007 inakataza sigara kwenye gari la abiria, nami naijua. Lakini mimi, mtumishi wa Mungu, nilinyamaza. Susu mmoja ndiye aliyesema, "Kijana wangu, zima hiyo. Huyu mtoto hakukuomba moshi." Dereva akazima. Niliona haya.

Labda unasema, "Pasta, si ni sigara moja tu?" Sikiliza. Tarehe 11 Julai 1973, ndege ya shirika la Varig la Brazil ilikuwa imebakisha dakika chache tu itue Paris. Moto ukazuka chooni. Inadhaniwa mtu alitupa sigara kwenye pipa la taka. Watu 123 walikufa, wengi wao kwa moshi.

Leo sigara ni marufuku ndani ya ndege za abiria. Lakini ukiingia choo cha ndege, bado utakuta kisahani cha kuzimia sigara. Kwa nini? Kwa sababu yupo atakayevunja sheria. Akishawasha, afadhali aizimie hapo kuliko kuificha kwenye karatasi za taka.

Mpendwa, neema ndivyo ilivyo. Kisahani si ruhusa ya kuwasha. Ni mahali pa kuzimia.

Najua wapo kati yetu wanaovuta nyuma ya duka, kisha wanatafuna peremende kabla ya ibada. Sikuandikii nikuaibishe. Kilichofichwa ndicho kinachochoma nyumba. Usikitupe kwenye pipa, kilete msalabani. Njoo tuombe pamoja, nami sitamwambia mtu.

Na wewe usiyevuta, ukiona mnyonge anaumizwa, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Sema kwa upole kama yule susu. Usiku huu soma 1 Wakorintho 10:23-24 na watu wa nyumbani kwako, mjiulize: uhuru wangu unamkohoza nani?

Tuombe: Baba, nipe ujasiri wa kusema na unyenyekevu wa kuzima. Katika jina la Yesu.

Kama umepokea, andika AMINA. Tuonane Jumapili.