Mafungu Matatu ya Bustani Yetu



Masika yametuaga hapa Voi. Mawingu yaliyokuwa yakituama juu ya milima ya Taita sasa yapita mbali, upepo wa kusi umeshika njia yake, na alfajiri twaamka na kijibaridi cha kipupwe. Mgeni atokaye Mombasa hujitanda leso mbili na kutwambia kwamba hewa yetu ni njema. Sisi wenyeji twajua kuwa ubaridi huo ni wa kupita, na kwamba nyuma yake imejipanga miezi ya ukavu: Julai, Agosti, Septemba, hata vuli itujie mwishoni mwa mwaka, ikiwa Mwenyezi Mungu ameiandika. Ndugu zetu waliohamia Ulaya na Marekani hutusimulia jinsi watu wa huko wanavyozifunika bustani zao kabla ya theluji. Sisi huifunika yetu kabla ya jua. Adui ni mwingine, lakini kazi ni ile ile: kuutunza udongo wakati ambapo hauwezi kuzaa.

Bustani yenyewe si kubwa. Ni kipande cha ardhi nyekundu nyuma ya madrasa, ambacho sisi akina mama wa mtaa tulikiomba tukilime kwa pamoja. Miongoni mwetu wamo waliozaliwa Mombasa na Lamu wakaletwa huku na ndoa, wamo Wataita wa Wundanyi na Mwatate, wamo na waliokulia papa hapa, karibu na njia ya reli. Asiyeijua nchi hii na aelewe jambo moja. Kilele cha Vuria, kule milimani, kinapita mita 2,200 juu ya bahari, na huko mvua hunyesha vizuri hata kabichi na maharage yakashushwa kwa magari hadi Mombasa. Voi iko chini bondeni, karibu mita 600 tu, na mto wake hukauka ukabaki mchanga. Aidha, zaidi ya nusu ya kaunti yetu imo ndani ya mbuga za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948. Kwa hiyo tunalima kati ya jua na ndovu, na kila mmoja wa wawili hao ana haja na kile tulichokipanda.

Tumeombwa tueleze namna tunavyoiandaa bustani kwa kiangazi na namna tunavyopika tulichokivuna. Tutayaeleza yote mawili. Lakini kabla ya hayo kuna jambo tunalopaswa kulisema, kwa sababu utaratibu tunaoufuata leo haukutokana na ujuzi wetu. Ulitokana na kosa letu.

Mtakumbuka ule ukame uliotushika kuanzia mwisho wa mwaka 2020 hadi mwisho wa mwaka 2022, misimu mitano ya mvua ikafuatana bila ya kutimiza ahadi. Mwaka 2022 Serikali ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kwa ukame huo katika muda wa miezi tisa. Ikiwa ndovu, mwenye miguu ya kufuata maji hata mbali, hakusalimika, ni nini kunde na pojo? Bustani yetu ikawa vumbi. Tulichobaki nacho kilikuwa debe moja la mbegu za kunde, zilizovunwa kabla ya hali kuwa ngumu, nalo tukalikabidhi kwa mwenzetu mmoja mtu mzima, mjane anayelea wajukuu. Tulimchagua kwa uaminifu wake na kwa sababu aliujua utunzaji wa mbegu kuliko sisi sote.

Mvua iliporudi mwaka 2023 tulikwenda kwake kwa furaha, na majembe mikononi. Debe lilikuwa tupu. Akatwambia, "Wanangu, fukusi wamezimaliza." Akainama, wala hakuongeza neno.

Hatukumjibu kwa ubaya. Lakini tulipotoka pale tulianza kusemezana, na maneno yakatembea kutoka ukumbi huu hadi ukumbi ule, hata kwenye harusi ya watu yakafika. Fukusi gani wanaokula kunde wasiache hata ganda? Kuna aliyesema ameziuza. Kuna aliyesema amewapa jamaa zake. Sisi sote tuliyasikiliza hayo, na anayesikiliza hana tofauti kubwa na anayesema. Yule mama akaacha kuja bustanini, kisha akaacha kuja hata kwenye darsa.

Habari ya kweli ililetwa na mtoto. Siku moja madrasani wanafunzi walikuwa wakitajiana vyakula wavipendavyo, na mjukuu wake akasema kuwa yeye apenda kunde za kwenye debe, zile bibi alizokuwa akiwapikia usiku, kikombe kimoja kwa chungu kizima cha maji. Mwalimu wake ni mmoja wetu. Alikuja kutueleza huku machozi yakimtoka.

Tulikwenda tena nyumbani kwake, safari hii bila majembe. Alipoona tumejua, alisema maneno ambayo hatujayasahau: "Kila kikombe nilichochota nilikihesabu. Nilinuia kurudisha." Vilikuwa vikombe sabini na vitatu. Alikuwa ameviandika kwa mkaa nyuma ya mlango, mstari kwa mstari, kama mtu anayeandika deni.

Tulikaa kimya. Nyumba zetu hazikuwa mbali na yake. Moshi wa jiko lake tulikuwa tukiuona, au tuseme, tulikuwa tumeacha kuutazama. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimuusia Abu Dharr kwamba akipika mchuzi auongeze maji na awakumbuke jirani zake. Mama huyu aliuongeza maji mchuzi wake ili wajukuu wapate kulala, na sisi majirani hatukuongeza kitu. Tulimwomba radhi mmoja mmoja, tukamwomba arudi, tukamwomba aendelee kuwa mtunza mbegu. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alikubali, kwa sharti kwamba mbegu zisikae tena katika nyumba moja.

Siku hiyo hiyo mmoja wetu alitukumbusha Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, ya mtu aliyesikia sauti mawinguni ikiamuru bustani ya fulani inyweshwe. Akalifuata wingu hadi mvua ilipomwagika penye mawe, maji yakaingia mferejini, na mwisho wa mfereji akamkuta mkulima akiyaelekeza shambani kwake. Alipomuuliza siri yake ni nini, mkulima alieleza kwamba hupima kinachotoka bustanini: theluthi huitoa sadaka, theluthi hula yeye na watu wake, na theluthi huirudisha ardhini. Tulikuwa tumeisikia Hadithi hiyo tangu utotoni. Hatukuwahi kuisikia kama watu wenye debe tupu.

Tangu hapo kila tunachovuna hugawanywa mafungu matatu juu ya mkeka, mbele ya wote.

Fungu la kwanza ni la ardhi, yaani mbegu na kazi ya kuitengeneza bustani. Kunde za mbegu tunazianika mpaka punje ikitiwa jino ipasuke badala ya kubonyea, kisha tunazichanganya na majivu makavu yaliyochekechwa ili fukusi wasipate njia, na kuzifunga katika vyombo vitatu kwenye nyumba tatu. Mtama tunaubakiza katika masuke yake na kuutundika juu ya meko, kama Nabii Yusuf alivyowaelekeza watu wa Misri waiache nafaka katika mashuke.

Kuhusu udongo, hatung'oi mashina ya kunde yaliyokwisha kuzaa. Tunayakata usawa wa ardhi na kuiacha mizizi ioze humo humo, kwa kuwa vile vifundo vyake vina rutuba ambayo mahindi ya vuli yataihitaji. Kisha tunachimba mashimo sasa, ardhi ingali na unyevu, kwani ikifika Agosti jembe litadunda kama kwenye sakafu. Kila shimo lina upana wa futi mbili na kina cha futi moja. Tunalijaza samadi ya mbuzi na majani makavu, na kuacha kidimbwi juu ili mvua ya kwanza isitiririke ikatupita. Juu ya vitanda tunatandaza mabua na nyasi kwa unene wa kiganja. Tahadhari ni mchwa: matandazo yasiguse shina, yakae mbali nalo kwa upana wa mkono.

Migomba na mipapai tunainywesha maji ya udhu. Tumechimba mfereji kutoka penye mabomba ya kutawadhia hadi kwenye mashina, na kwa kuwa maji hayo hayana sabuni, hayadhuru mti. Swala tano kwa siku ni kumwagilia mara tano. Mbaazi tunaziacha zisimame, kwani hizo hupenda kukomaa katika ukavu, na ndizo zitakazotulisha Agosti. Maboga yote tunayaondoa bustanini kabla hayajanukia, maana pua ya ndovu haina mpaka. Majirani zetu wa Sagalla wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyofungwa kwa waya, ndovu akiugusa waya nyuki hutoka, naye huwaogopa. Sisi tuko karibu mno na watoto wa madrasa kwa nyuki, basi pembezoni tumepanda pilipili na ufuta, vitu ambavyo yeye havimpendezi.

Fungu la pili ni la chungu. Majani machanga ya kunde tunayaosha, tunayatia katika maji yanayochemka yenye chumvi kwa muda wa dakika tatu, tunayachuja, kisha tunayatandaza kwenye ungo kivulini na kuyafunika kitambaa chepesi. Jua kali lingeyanyang'anya rangi na faida yake. Baada ya siku tatu hukauka yakavunjika mkononi, nasi tunayatia mkebeni. Siku ya kupika, yaloweke nusu saa katika maji ya uvuguvugu, yachemshe hadi yalainike, kaanga kitunguu na nyanya, changanya, tia tui jepesi, na mwisho tui zito. Likishatoka povu mara moja, epua.

Lakini chakula kinachotukutanisha ni kimanga, chakula cha Wataita. Chukua kunde kavu vikombe viwili ulizoloweka usiku, uzichemshe hadi ziive. Ongeza kilo moja ya muhogo uliokatwa na nusu kilo ya boga, chumvi na maji ya kutosha kufunika. Vikiiva na maji yakiwa yamebaki kidogo, ponda kwa mwiko mpaka vishikane. Hapo ndipo mjadala huanza. Wenzetu wa Mombasa hutaka kutia tui zito na pilipili mbichi. Mama zetu wa Wundanyi husema kimanga chenye nazi ni kitu kingine, kitafutiwe jina lake. Mwaka huu tulipika vyungu viwili. Vyote viliisha, na aliyekomba kile chenye nazi ni mama wa Wundanyi, ambaye jina lake tumeamua kulisitiri.

Fungu la tatu ni la jirani, na hili ndilo tulilolifikiria zaidi. Hapo zamani tungesubiri mwenye shida aseme. Sasa hatusubiri. Tumezigawa nyumba za mtaa kwa zamu, na kila Alhamisi baada ya alasiri chakula hupelekwa kwa nyumba zote za zamu hiyo, iwe ya mwenye gari au ya asiye na kibiriti, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Yupo aliyetuuliza kwa nini kumpelekea kunde mtu mwenye friji iliyojaa. Jibu ni kwamba bakuli likipita kila mlango, hakuna mlango utakaoona haya kulipokea.

Juma lililopita tulikutana kufunga mbegu. Yule mama aliketi katikati ya mkeka, majivu yamemtapakaa hadi viwikoni, akiwafundisha wasichana wetu namna ya kuijua punje yenye kidudu ndani. Mjukuu wake, aliyetufumbulia siri bila kujua, alikuwa akihesabu vikombe vinavyoingia kila chombo. Alipofika sabini na tatu bibi yake alimwambia, "Tia kingine, mwanangu." Akatia. Hakuna aliyesema neno, tukaendelea na kazi hadi adhana ya magharibi.

Mistari ile ya mkaa ingali nyuma ya mlango. Tulitaka kumpakia chokaa siku ya Idi, akakataa.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuteremshie vuli yenye manufaa, atusamehe yale tuliyoyasema na tuliyoyasikiliza, na atupe macho ya kuutazama moshi wa jirani. Amin.