Kachupa ka Mkalitusi

Bibi yangu alipokuwa na mimba ya miezi mitano, hapa Kindu, mama mukwe alimpakaa mawese tumboni kila mangaribi. Sikukatala: mawese yanakamuliwa katika ngazi, hayana ukali. Kisha jirani akaleta kachupa ka mafuta ya mkalitusi, eti matone matatu katika chai yataondoa kikohozi. Hapo nilikatala. Mafuta yale yanavutwa kwa mvuke, nguvu ya majani mengi sana inakusanyika mule. Kuyanywa kunaweza kuwa sumu, hata kwa asiye na mimba. Mama mukwe alininunia siku mbili (mwanaume, tena mwalimu, anajua nini ya mimba?). Mukunga akamwambia vilevile. Ndipo akakumbuka: “Kweli, sisi majani tulinusa tu. Hatukuyanywa.”