Kimbunga, Kisulisuli na Swali la Nyanya

Mapema mwezi wa Mei, mwaka wa 2024, nyanya yangu alinipigia simu kutoka Njoro. Redio ilikuwa imetangaza kwamba kimbunga Hidaya kilikuwa njiani kutoka Bahari ya Hindi, na serikali ilikuwa imeahirisha kufunguliwa kwa shule. "Mjukuu wangu," akauliza, "hicho kimbunga ndicho kile kilichoyang'oa mabati ya jikoni mwangu mwezi wa Januari?" Nami, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika Kiswahili, nilicheka. "La, nyanya. Huku hakifiki. Usihofu." Nikakata simu na kuirudia tasnifu yangu.

Hofu haiondoki kwa kuamrishwa. Nyanya alitoka kwake kilimani, mahali palipo wazi kwa upepo, akateremka kulala kwa shangazi bondeni, kando ya kijito. Usiku wa pili kijito kilifurika. Majirani walimtoa maji yakiwa yamefika magotini. Mbuzi wake wawili hawakuonekana tena. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu maji yaangamize zaidi ya watu 40 huko Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili, katika kaunti yetu hii hii ya Nakuru. Nyanya aliukimbia upepo, akayafuata maji.

Tangu hapo nimelitafuta jibu nililopaswa kumpa.

Alichokiona Januari kilikuwa kisulisuli. Jua la kiangazi huichoma ardhi iliyolimwa. Hewa iliyo karibu na udongo hupata joto kuliko ile iliyo juu yake, ikapanda ghafla huku ikijisokota na kuzoa vumbi. Kisulisuli hakihitaji wingu. Wenyeji wa Nakuru wanakijua vyema. Jina lenyewe la mji husemekana kuwa limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi, na katikati ya miaka ya 1990, maji ya ziwa yalipokauka, vumbi jeupe la magadi lilikuwa likipeperuka pale palipokuwa maji.

Kimbunga, kwa upande wake, ni mwana wa bahari. Huzaliwa juu ya maji yenye joto, upana wake huweza kufika mamia ya kilomita, na mzunguko wake hutegemea kuzunguka kwa dunia yenyewe. Athari hiyo hufifia karibu na ikweta, nayo ikweta haiko hata kilomita 50 kutoka mjini Nakuru. Ndiyo maana vimbunga huipiga Msumbiji, kama Idai ilivyoipiga Beira mwezi wa Machi 2019, na kwa nadra tu hufika kaskazini zaidi. Unguja ilipigwa mwaka wa 1872, mikarafuu mingi ikang'oka. Hidaya nayo ilifika karibu na Mafia, kisha ikadhoofika.

Kuna upepo wa tatu, tonado, ambao Kiswahili chetu huutupia jina lolote kati ya hayo mawili. Huu huzaliwa na wingu la radi. Iwapo upepo wa chini unavuma taratibu kuelekea upande mmoja, na wa juu unavuma kwa kasi kuelekea upande mwingine, hewa iliyo kati yake hubingirika kama kijiti cha kusukumia chapati. Hewa yenye joto na unyevu inapopanda kwa nguvu, hukiinua kijiti hicho kikasimama wima, na wingu zima likaanza kuzunguka. Kisha hewa iliyopozwa na mvua hushuka, na mzunguko ulio karibu na ardhi ukabanwa. Kadiri unavyobanwa ndivyo unavyoongeza kasi, mithili ya mtoto anayejizungusha kisha akaikunja mikono kifuani. Mawingu mengi ya aina hiyo huisha bila kuzaa chochote. Hata hivyo, Marekani huhesabu tonado zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Hapa kwetu upepo wa juu na wa chini aghalabu haupishani sana. Hivyo basi, wingu hupanda wima, likamwaga mvua na mawe, likajizima. Wakulima wa chai wa Kericho wanayajua mawe hayo.

Sisi wanaisimu na wanafasihi tunaweza kujadili istilahi. Je, tulitenge neno chamchela kwa ajili ya tonado, kisulisuli kibaki cha vumbi, na kimbunga kibaki cha bahari? Napendekeza hivyo. Lakini nakiri kwamba istilahi pekee haingemfaa nyanya usiku ule. Alihitaji kuambiwa: kimbunga hakitafika, lakini mvua imekwisha kufika, usishuke bondeni.

Nilimtembelea mwezi wa Agosti, nikamweleza yote haya jikoni, kijiti cha chapati mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo, kisha akauliza, "Sasa mbona hukuniambia siku ile?"

Niliukanda unga, nisiwe na la kusema.