SEHEMU YA 6: Faili la mtoto wetu lilikuwa Kisarawe, mimi nalitafuta Kibaha

Mlionisubiri tangu juzi nisameheni, nilikuwa na zamu za usiku mfululizo na nikirudi nyumbani napasha uji, nalala.

Sehemu iliyopita niliishia mtoto wa mdogo wangu akiwa wodini, mguu umefungwa mawe. Leo siongelei mfupa. Mfupa wa mtoto wa miaka 8 unaunga, Mungu ni mwema. Naongelea karatasi.

Kwa ambaye hakusoma: mtoto aligongwa na Noah asubuhi akivuka kwenda shule, Kisarawe. Mimi naishi Kibaha, na ndiye nesi wa ukoo, kwa hiyo tukamleta huku awe karibu na mimi. Wiki ya pili dereva akaja na wazee wawili wa kwao na shilingi laki mbili. Wazee wakaongea vizuri, ajali haina kinga, kijana ana familia, tumalizane kiubinadamu. Walikuwa na karatasi imeshaandikwa. Mdogo wangu akaniangalia mimi. Nikamwambia saini.

Nimeiandika hivyo makusudi, mnisome vizuri. Siyo yeye. Ni mimi niliyesoma, ninayeshika kalamu kila siku, ndiye niliyesema saini. Siku hiyo tulikuwa tunadaiwa nauli, dawa na chakula cha anayemlinda mtoto, na laki mbili ilionekana kubwa.

Miezi ikapita. Mtoto akatoka, akaanza kutembea, ila anachechemea na anatakiwa kliniki na mazoezi kwa muda mrefu. Kila safari ya Kibaha ni hela. Ndipo mwenzangu kazini akaniuliza, "Ile gari si ilikuwa na bima?" Nikaingiza namba ya gari kwenye mtandao wa TIRA wa kuhakiki stika, nikaona bima ilikuwa hai siku ya ajali. Na bima hata ile ndogo kabisa, ile ya kumlinda mtu wa tatu, ipo kwa ajili ya mtu kama mtoto wetu. Sheria inailazimisha kila gari, Sura ya 169. Wengi tunadhani ni stika ya kumridhisha trafiki.

Tukaenda. Binti wa pale akatupa orodha: PF3, ripoti ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya ukaguzi wa gari, hati ya mashtaka, nakala ya hukumu. Mdogo wangu akauliza, "Hukumu gani? Sisi tulimalizana."

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Kumalizana kwenu nyumbani hakuifuti kesi. Kesi ya barabarani anayeshtaki ni Jamhuri, wewe na mwanao ni mashahidi tu. Dereva anaweza kupelekwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, akarudi barabarani, nyie mkiwa wodini mnahesabu vidonge.

Nikaamka asubuhi nikaenda mahakamani Kibaha. Nilijiamini kabisa, maana mtoto katibiwa Kibaha na mimi naishi Kibaha. Karani mama mmoja mpole akaniuliza swali moja: "Ajali ilitokea wapi?" Kisarawe. "Basi mwanangu, nenda Kisarawe." Kesi inafuata mahali kosa lilipotendeka, haifuati hospitali wala nyumbani kwenu. Swali dogo hivyo, na mimi nilikuwa nimeshaomba ruhusa kazini.

Wiki iliyofuata nikashuka Kiluvya, nikachukua boda ya kukatiza kuelekea Mpuyani hadi Kisarawe. Mahakamani wakaniuliza namba ya kesi. Sina. Jina kamili la mshtakiwa? Tulikuwa tunamwita "yule kijana". Nilikuwa na picha ya namba ya gari tu, na masjala hawapangi mafaili kwa namba za magari.

Kilichoniokoa ni simu. Siku ile mtoto anapokelewa niliipiga picha PF3 kabla haijarudi polisi, kwa mazoea tu ya kazi. Juu ilikuwa na namba ya RB. Nikaenda nayo kituo cha polisi, dawati la trafiki, wakafungua kitabu, wakanipa jina na namba ya kesi. Nikarudi mahakamani na namba mkononi, faili likapatikana kabla sijamaliza soda.

Kwa hiyo mama, mwanao akigongwa: matibabu KWANZA, usikubali mtu akwambie mtoto anayevuja damu asubiri karatasi. Ila PF3 ikishajazwa, ipige picha pande zote. Namba ya RB iandike hata nyuma ya kadi ya kliniki.

Sasa faili. Dereva alikiri kosa siku ya kwanza. Akapewa faini, akalipa, akaondoka. Na kwenye maombi yake ya kupunguziwa adhabu alieleza kwamba ameshamhudumia majeruhi na familia wameridhika. Kilichoambatanishwa ni karatasi yetu. Sahihi ya mdogo wangu ile pale, na jina langu kama shahidi, kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Nilikaa kwenye benchi la nje muda mrefu.

Sisemi hakimu alikosea. Aliamua kwa kilichokuwa mezani, na sisi ndio tuliokiweka mezani. Hakuna aliyekuwepo kumwambia mtoto siku hiyo alikuwa bado hajakanyaga chini.

Nakala niliomba kwa barua, nikaeleza mimi ni nani kwa majeruhi na ninaihitaji kwa ajili ya bima. Nilirudi mara mbili kuifuata. Kuna watu inbox wamenishauri nitafute TanzLII kwenye intaneti. Ni mtandao mzuri, unasoma bure hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani, nimesoma humo rufaa za kesi za ajali hadi usingizi ukaruka. Ila faili dogo la wilayani ambalo mtu amekiri na kulipa, usilitegemee huko. Hilo ni miguu yako na masjala.

Madai tumeshayapeleka. Ile karatasi yetu bima nao wameiona, bado tunazungushana. Nikipata jibu mtalisoma hapa, liwe zuri au baya.

Kuna jingine lilinitokea kwenye hilo hilo. Usiku mmoja nimekaa na namba za magari kichwani, nikajiuliza, gari linalombeba mwanangu kila asubuhi mimi nalijua? Nikafungua ule mtandao wa polisi wa TMS, unaoangalia madeni ya trafiki. Unaingiza namba ya gari au ya leseni, bure. Gari la shule likatoa madeni matatu. Mawili ya mwendokasi, moja kuzidisha abiria. Kila moja faini 30,000, pembeni nyongeza ya 7,500 ya kuchelewa kulipa. Bodaboda na bajaji zao zilishushwa hadi 10,000 kwenye bajeti ya 2021/22, gari zikabaki palepale.

Kuzidisha abiria. Abiria wenyewe si ndio hawa wa darasa la kwanza?

Asubuhi sikumpandisha mtoto. Nikamfuata dereva dirishani, taratibu, wazazi wengine wasisikie. Akacheka kidogo. "Sista, hizo nyingine siyo mimi, kuna deiwaka alishika gari wiki mbili. Tochi ya Mlandizi ndiyo mimi, nakubali." Nikamwuliza na wale waliozidi? Akanyamaza. Akasema tajiri anataka hesabu yake.

Na hapo kuna ukweli. Ukitafuta kwa namba ya gari unaona deni la gari, huoni nani alikuwa kwenye usukani. Nilipoangalia tena wiki mbili baadaye hapakuwa na deni hata moja. Tajiri amelipa. Kwa mzazi anayeangalia leo, lile ni gari safi.

Ndiyo maana habari ya nukta kwenye leseni inanigusa kuliko faini. Shoga yangu anafanya unesi Uingereza, alipigwa picha na kamera anakimbilia zamu, wakamwekea pointi 3. Kule ukifikisha 12 ndani ya miaka 3 unapelekwa kufungiwa kuendesha, na mwenye leseni mpya akifikisha 6 ndani ya miaka 2 ananyang'anywa, anaanza mtihani upya. Ndugu zetu wa Dubai wanazo 24 kwa mwaka. Pointi hailipiwi na tajiri. Anaibeba dereva, na akihama gari inahama naye. Shoga yangu anasema faini aliisahau mwezi uleule, zile 3 anazikumbuka kila akikanyaga mafuta. Hapa kwetu nukta zinatajwa miaka yote, na mimi ningependa siku moja niandike namba ya leseni nione tabia ya mtu, siyo deni lake tu.

Mnaniuliza mtoto anaenda na nini shuleni. Nilikutana na wazazi wengine sita, tukamwendea mwenye gari, tukakubaliana idadi ya watoto na kila mmoja ana siti yake. Ada ya usafiri imepanda, na mzazi mmoja amejitoa kwa sababu hiyo, simlaumu. Jumatatu nilipanda naye mwenyewe, nikakaa nyuma nimempakata begi lake. Dereva alikuwa anaendesha taratibu mno hadi boda zinatupita. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, leo amepunguza kwa sababu upo."

Ijumaa nina off. Nitapanda tena, safari hii nitakaa mbele.