Mikwaruzo ya mlango wa mbele: dada mmoja, jina kapuni

Wadau, leo tuwaache mastaa wapumzike. Kuna dada mmoja mtaani kwetu, jina naliweka kapuni, alinipigia Jumatatu akauliza kama naweza kumfutia mikwaruzo ya mlango wa mbele (anajua nimekulia kwenye karakana ya mjomba). Mlango wenyewe ni wa mninga. Aliuchonga baba yake mzazi, seremala, ukawa zawadi ya harusi. Na mzee anakuja Jumamosi.

Mikwaruzo ilikuwa imezunguka kitasa chote. Funguo za mtu anayerudi saa tisa usiku hazioni tundu. Sisi majirani tunamsikia kila wiki. Haya, tuendelee.

Kabla hujaita fundi akakwambia mlango umekwisha (wengine wanautaka huo mninga wako wakauuze), pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Usiponasa, kilichoumia ni vanishi tu. Ukinasa, mbao imeguswa. Mingi ya pale kitasani haikunasa. Tukapiga msasa namba 180, tukamalizia na 240, kwa kufuata nyuzi za mbao. Usizungushe mkono kama unasugua sufuria, bana, utaongeza mikwaruzo mingine. Na ule unga wa mninga usiutupe! Uchanganye na gundi ya mbao, ziba palipoingia ndani, acha pakauke kabisa, kisha piga msasa tena. Ukisogea karibu utapaona kidogo, maana gundi hainywi vanishi kama mbao, ila rangi zinakaribiana.

Palipobonyea bila nyuzi kukatika ndo pana raha yake. Ukishatoa vanishi, weka kitambaa kibichi, gusisha pasi ya moto juu yake sekunde chache chache. Mvuke unaingia, mbao inavimba na kurudi juu. Yaani unaiona hivi hivi kwa macho. Dada akacheka, mara ya kwanza siku ile.

Ikabaki alama moja chini kabisa, ya buti. Hapo nyuzi zilikuwa zimekatika, pasi haisaidii. Nikachota gundi. Akanishika mkono.

"Hiyo iache, mdogo wangu."

"Si ulisema mzee asione kitu?"

"Niliyasema hayo Jumatatu."

Sikuuliza zaidi. Tukaingia kwenye vanishi. Hakikisha ni ya kutumia nje, ile ya ndani jua linaimaliza mapema. Paka nyembamba, mikono mitatu, na kila mkono ukikauka pitisha msasa laini, futa vumbi, ndo upake mwingine. Ukipaka nene ili umalize haraka itachuruzika.

Leo ni Ijumaa. Mlango unang'aa, pale kitasani huwezi kujua kitu. Ile ya chini tumeipaka vanishi hivyo hivyo, na sasa inaonekana vizuri kuliko mwanzo.